Kura iliyokataliwa: ihesabiwe tunapotafuta nusu, au iachwe kando?

#1 Mwalimu wa Hesabu

Wanajamvi, salaam. Kifungu cha 138(4) cha Katiba ya Kenya kinataka mtu atangazwe Rais akiwa amepata zaidi ya nusu ya kura zote zilizopigwa, pamoja na angalau asilimia 25 ya kura katika zaidi ya nusu ya kaunti, yaani kaunti 24 kati ya 47. Hakuna neno "halali" hapo. Mtu aliyepanga foleni tangu alfajiri, akatambuliwa kwa alama ya kidole, akapewa karatasi, akaitia alama na kuitumbukiza sandukuni, huyo amepiga kura. Jioni msimamizi wa kituo akiikataa karatasi yake kwa kuwa alama imegusa majina mawili, mtu huyo bado yumo katika idadi ya waliojitokeza. Kwa nini basi anaondolewa pale tunapotafuta nusu?

Nimefanya hesabu ya mwaka 2022. William Ruto alipata kura 7,176,141 na Raila Odinga 6,942,930. Kura halali zote, pamoja na za wagombea wengine wawili, zilikuwa 14,213,027, na zilizokataliwa zilikuwa 113,614. Ukigawanya kwa kura halali pekee, mshindi ana asilimia 50.49, kama ilivyotangazwa. Ukiziingiza zilizokataliwa, jumla inafika 14,326,641 na mshindi anashuka hadi asilimia 50.09. Bado ameshinda, lakini ziada yake juu ya nusu, ambayo ilikuwa karibu kura 70,000, inabaki takriban 12,800. Iko siku hesabu itaangukia upande wa pili wa mstari huo, na nchi itagawanyika kwa jambo ambalo tungeweza kulijadili mapema tukiwa watulivu. Naomba maoni yenu.

#2 Wakili wa Mashinani

Mwalimu, swali lako ni zuri, ila kisheria lilijibiwa zamani. Tarehe 30 Machi 2013 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi kwamba kura zilizokataliwa haziingizwi katika kutafuta asilimia za wagombea wa urais. Ikumbukwe kwamba Tume ya uchaguzi ilikuwa imeziingiza: ile asilimia 50.07 ya Uhuru Kenyatta iliyotangazwa ilitokana na kugawanya kwa kura 12,330,028, ambazo 108,975 kati yake zilikuwa zimekataliwa. Baadhi ya waombaji walikwenda mahakamani wakitaka ziondolewe, na katika hoja hiyo Mahakama ilikubaliana nao. Sababu yake ni nyepesi kueleweka: karatasi iliyokataliwa ni batili, haimwongezei mgombea yeyote chochote, kwa hiyo haiwezi kuhesabiwa dhidi ya yeyote. Msimamo huo haukubadilishwa mwaka 2017, wala mwaka 2022.

#3 Binti Kilifi

Wakili, kujibiwa na kujibiwa vizuri ni mambo mawili. Ghana nao wanataka zaidi ya nusu, lakini katiba yao katika ibara ya 63 imetaja waziwazi kura halali. Sisi tumeandika "kura zote zilizopigwa". Sioni ni kwa njia gani majaji waliweza kulipunguza neno "zote" bila wananchi kuulizwa, hasa kwa katiba iliyopitishwa na wananchi wenyewe kwa kura ya maoni mwezi Agosti 2010.

#4 Karani Mstaafu

Nimefuatilia kwa makini. Nimewahi kuwa karani na baadaye msimamizi wa kituo katika chaguzi kadhaa, nami naomba tuanze na karatasi zenyewe kabla ya asilimia, kwa sababu wengi wanazungumzia kura zilizokataliwa bila kuwahi kuiona moja ikikataliwa.

Kituo kikishafungwa, sanduku la urais hufunguliwa kwanza. Karatasi humwagwa mezani mbele ya mawakala, kisha msimamizi huikunjua moja baada ya nyingine, huiinua ili kila wakala aione, na kusoma jina kwa sauti. Sheria inamruhusu kuikataa karatasi kwa sababu chache: haina alama za usalama, ina alama kwa wagombea zaidi ya mmoja, ina maandishi yanayoweza kumtambulisha aliyeipiga, haina alama yoyote, au haieleweki imempigia nani. Hiyo ya maandishi huwaumiza wengi. Nimeona karatasi ambayo mwenyewe ametia alama safi kabisa mbele ya picha ya mgombea wake, kisha akaweka sahihi chini, kama mtu anayetia sahihi hundi. Nyingine iliandikwa namba ya kitambulisho pembeni. Hao walitaka kura zao ziwe na nguvu zaidi, na ndivyo walivyozipoteza.

Kuna pia karatasi zinazozua ubishi. Mpiga kura anatia alama nzito na kuikunja karatasi wino haujakauka, nayo alama inajichapa kwenye mgombea wa upande wa pili. Karatasi ikikunjuliwa, zinaonekana alama mbili. Msimamizi mwenye uzoefu huikunja tena kwa mkunjo uleule na kuwaonyesha mawakala kwamba alama hafifu imeangukia sawasawa juu ya ile nzito, na imegeuka kama kwenye kioo. Kura hiyo ni halali. Kanuni zenyewe zinasema karatasi isikataliwe kwa sababu tu alama haikuwekwa mahali pake au si ya umbo lililozoeleka, mradi nia ya mpiga kura iwe wazi. Lakini hiyo ni saa nne ya usiku, taa ni hafifu, watu wameamka tangu saa tisa ya alfajiri, na bado masanduku matano yanasubiri. Msimamizi mwingine atasema "hii imeharibika" na mawakala watanyamaza.

Kwa hiyo, Mwalimu, kabla hatujauliza kama zihesabiwe, tuulize ni ngapi kati ya hizo 113,614 zilistahili kukataliwa.

#5 Mwalimu wa Hesabu

Asante sana, Karani. Maelezo yako yanaipa hoja yangu uzito zaidi. Ikiwa sehemu ya kura hizo zilikataliwa kwa uchovu wa msimamizi, basi kuziondoa kwenye jumla ni kumwadhibu mpiga kura mara mbili.

#6 Mkulima wa Tharaka

Mnasahau wale waliokusudia. Mimi katika uchaguzi mmoja nilikwenda kituoni, nikaingia kibandani, nikaikunja karatasi ya urais bila kutia alama na kuitumbukiza. Zile nyingine tano nilizipiga kwa uangalifu. Sikuchoka wala sikuhitaji kufundishwa: sikumtaka yeyote kati ya waliokuwa kwenye karatasi, na nilitaka hilo lionekane. India walilitambua jambo hili. Tangu mwaka 2013, kwa amri ya Mahakama yao ya Juu, mpiga kura ana nafasi maalumu ya kusema hamtaki mgombea yeyote. Colombia wamekwenda mbali zaidi: kura tupu zikipita nusu ya kura halali, uchaguzi unarudiwa na walioshindwa hawaruhusiwi kugombea tena. Mwaka 2011, katika mji wa Bello, kura tupu zilimshinda mgombea pekee wa umeya. Kenya haina nafasi hiyo, kwa hiyo kauli yangu inawekwa fungu moja na karatasi ya aliyekosea.

#7 Wakili wa Mashinani

Mkulima, nakuelewa, lakini angalia madhara. Kura yako tupu ikiingia kwenye jumla, inafanya kazi kama kura dhidi ya kila mgombea, kwa maana inaipandisha nusu ambayo mshindi anatakiwa kuivuka. Wewe ulikusudia hivyo. Yule mama aliyeweka sahihi chini ya picha ya mgombea wake hakukusudia; kura yake ikiingia kwenye jumla bila kumfikia mgombea wake, itakuwa inampinga mtu yuleyule aliyemchagua. Mtu hawezi kuzitenganisha karatasi hizi mbili kwa hesabu. Kwa maoni yangu, hapo ndipo msimamo wa Mahakama una nguvu kuliko wakosoaji wake wanavyokiri.

#8 Binti Kilifi

Hilo sikuwa nimelifikiria kwa namna hiyo. Hata hivyo, dawa yake ni kuitambua kura tupu peke yake, kama Mkulima alivyosema. Kuzifuta zote kwa pamoja kunawafuta hata waliokusudia.

#9 Mpiga Kura wa Doha

Naleta uzoefu wa ughaibuni. Mwaka 2022 Wakenya tulioko Qatar tulipiga kura kwa mara ya kwanza, sawa na wenzetu wa Falme za Kiarabu, Uingereza, Ujerumani, Kanada, Marekani na Sudan Kusini. Nchi nzima waliojiandikisha nje walikuwa kama 10,400 tu. Sisi tunapiga kura ya urais pekee, kwa hiyo tunapewa karatasi moja na kuna sanduku moja. Nilitoka kibandani mapema sana nikilinganisha na nilivyofanya nyumbani mwaka 2013. Mara ile karatasi sita zilikuwa jambo geni kwangu na nilimwona mzee mmoja mbele yangu amesimama na karatasi zake zote mkononi, akiyatazama masanduku yote sita bila kujua aanzie wapi, mpaka karani alipomwelekeza. Nadhani wingi wa karatasi ndio chanzo kikubwa kuliko vyote vilivyotajwa.

#10 Karani Mstaafu

Wingi wa karatasi unachangia, lakini rangi zimesaidia sana. Karatasi ya urais ni nyeupe, ya ugavana ni ya samawati, ya useneta ni ya njano, ya ubunge ni ya kijani, ya mwakilishi wa kike ni ya zambarau, na kila kifuniko cha sanduku kina rangi ya karatasi yake. Wasiojua kusoma wanaruhusiwa kumleta mtu wanayemwamini awasaidie. Jambo lisilofahamika, ambalo natamani kila mtu angelijua, ni kwamba ukikosea kibandani bado hujapoteza kura yako. Toka na karatasi hiyo, mwambie msimamizi umeiharibu, naye ataichukua na kukupa nyingine, mradi hujaitumbukiza. Wengi huona haya, wakaitumbukiza hivyohivyo.

#11 Mkunazini

Ndugu zetu wa Kenya mnajitaabisha na nusu. Kwetu Tanzania tangu vyama vingi virudi, anayepata kura nyingi kuliko wengine ndiye Rais, na mjadala huu haupo.

#12 Mzee wa Kigamboni

Ndugu Mkunazini, si kweli kwamba ni tangu vyama vingi virudi. Uchaguzi wa mwaka 1995 ulifanyika chini ya sharti la zaidi ya nusu, na Benjamin Mkapa alilivuka kwa asilimia karibu 62. Sharti hilo liliondolewa na mabadiliko ya Katiba ya mwaka 2000, ndipo ibara ya 41(6) ikawa kama unavyoieleza. Tena inayofuata, 41(7), inasema kwamba mgombea akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa, hakuna mahakama itakayochunguza uchaguzi wake. Mwezi Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yapo hapahapa Arusha, ilitoa hukumu kwamba ibara hiyo inakiuka Mkataba wa Afrika. Kwa hiyo Wakenya wanabishana juu ya asilimia kwa sababu wanapo mahali pa kupeleka ubishi huo. Mimi sioni hilo kuwa taabu.

Nikiwa bado kwenye mwaka 1995: nilikuwa Dar es Salaam siku ile ambayo vifaa vilichelewa na vituo vingine havikufunguliwa kabisa. Tulisimama kutwa nzima kwenye uwanja wa shule, na jua lilipotua bado hakuna karatasi iliyokuwa imefika. Uchaguzi wa majimbo yote saba ya jiji ulifutwa na kurudiwa tarehe 19 Novemba. Niliporudi, foleni ilikuwa fupi kiasi cha kutia huzuni. Nakubali kwamba kura iliyokataliwa ni hasara, ila ipo pia kura ambayo mtu alikuja kuipiga akakosa hata karatasi, na hiyo haiandikwi kwenye fomu yoyote.

#13 Shaba

Ninatoka Lubumbashi. Historia ya Kongo inafanana na ya Tanzania kwa jambo hili, na nadhani inatoa onyo. Mwaka 2006 tulikuwa na wagombea urais 33 na sharti la nusu, kwa hiyo tulikwenda duru ya pili mwezi Oktoba. Mwezi Januari 2011, miezi michache kabla ya uchaguzi uliofuata, Katiba ilirekebishwa na duru ya pili ikaondolewa. Ndiyo sababu mwaka 2018 Félix Tshisekedi aliweza kutangazwa kwa asilimia 38 na kidogo. Ubishi wenu kuhusu elfu kumi na mbili juu ya nusu ni ubishi wa watu ambao nusu yao bado ipo.

Kuhusu karatasi, mwaka 2011 katika baadhi ya majimbo ya Kinshasa wagombea ubunge walikuwa wengi kiasi kwamba karatasi ya kura ilikuwa kijitabu cha kurasa nyingi. Mwaka 2018 ikaletwa mashine kutoka Korea Kusini: unagusa picha ya mgombea kwenye kioo, mashine inachapa chaguo lako kwenye karatasi, nawe unaitumbukiza mwenyewe sandukuni. Mtu hawezi kutia alama mbili wala kuandika jina lake. Lakini nilisimama na shangazi yangu kwenye foleni ndefu kwa sababu mashine ya chumba chetu iligoma kuwaka, na walipoiwasha wazee walihitaji kuelekezwa kila hatua na kijana aliyesimama karibu mno na kioo. Kosa la kalamu liliondoka, na siri ya kura ikaondoka nalo kwa wazee wale.

#14 Nahodha

Wanaotafuta njia ya kuzimaliza kura zinazokataliwa waitazame Gambia. Tangu miaka ya 1960 hawatumii karatasi. Mpiga kura hupewa gololi moja, huingia mahali pa faragha penye madebe ya chuma yaliyopakwa rangi na kubandikwa picha za wagombea, na kuidondosha gololi kwenye debe la anayemtaka. Ndani ya debe mna kengele. Ikilia mara moja, walioko nje wanajua amepiga kura moja na si mbili. Jioni gololi hupangwa kwenye mbao zenye matundu yaliyohesabiwa tayari, na kila mtu anaona. Mwaka 2016 Yahya Jammeh, aliyetawala miaka 22, alishindwa kwa gololi hizohizo.

#15 Mkulima wa Tharaka

Nahodha, kwa kaunti yangu wangepakia madebe ya wagombea wa nafasi zote sita kwenye lori, na darasa lisingetosha! Halafu mimi nisiyetaka mgombea yeyote ningetoka na gololi yangu mfukoni.

#16 Nahodha

Ungepata pa kuanzia mchezo na wajukuu, Mkulima. Lakini hoja yako ya nafasi sita ni ya kweli: njia ile inafaa pale penye wagombea wachache na uchaguzi mmoja kwa siku. Gambia wenyewe wamekuwa wakijadili kuhamia karatasi.

#17 Ajuza wa Murang'a

Wanangu, njia isiyo na kura hata moja ya kukataliwa tuliwahi kuwa nayo hapahapa Kenya. Ilikuwa mlolongo. Mwezi Februari 1988, katika mchujo wa KANU, tuliambiwa tupange mistari nyuma ya mgombea au wakala wake aliyeshika picha, tuhesabiwe vichwa mchana kweupe. Aliyepata asilimia 70 alipita bila kupingwa na hakuhitaji kwenda kwenye kura ya siri. Hakukuwa na wino wala karatasi wala sahihi. Nilikuwa kwenye mstari uliozunguka uwanja mpaka nyuma ya choo cha shule, na mstari wa pili haukufika hata langoni. Ofisa alihesabu, akaondoka, na jioni tukasikia kwamba wa mstari mfupi ndiye aliyeshinda. Tulikuwa tumeonana kwa macho, na isitoshe kila mmoja alijua jirani yake alisimama wapi, jambo lililoleta chuki iliyodumu miaka. Mtindo huo ulifutwa mwishoni mwa mwaka 1990 baada ya kamati ya chama iliyoongozwa na George Saitoti kuzunguka nchi na kusikia kilio cha watu.

Kwa hiyo mimi kura iliyokataliwa sichukii kuiona. Inaonyesha kwamba mtu alikuwa peke yake kibandani.

#18 Binti Kilifi

Asante sana, bibi. Hakuna aliyewahi kunieleza mlolongo kwa namna hiyo.

#19 Msimamizi wa Jukwaa

Tumeyapokea ya Gambia na ya 1988 kwa furaha, lakini tunawaomba mrudi kwenye swali la Mwalimu. Anayetaka kuendelea na mlolongo afungue uzi wake.

#20 Jicho Pevu la Kisumu

Basi nirudi kwenye namba, kwa sababu bado hamjagusa jambo linalowafanya watu washuku. Mwaka 2013, kura zilizokataliwa zilizokuwa zikionyeshwa kwenye skrini wakati wa kupokea matokeo zilipita 300,000, halafu matokeo ya mwisho yakasema 108,975. Mwaka 2017 mtandao wa Tume ulionyesha zaidi ya 400,000, na fomu ya mwisho, 34C, ikasema 81,685. Kura laki tatu haziponi usiku mmoja. Kwangu mimi, hapo ndipo mahali pa kufichia kura.

#21 Wakili wa Mashinani

Jicho Pevu, kuhusu mwaka 2013 maelezo yalitolewa hadharani: Tume ilisema programu ya kupokea matokeo ilikuwa ikizizidisha kura zilizokataliwa mara 8, na ndiyo sababu moja iliyofanya matokeo ya kielektroniki yaachwe na fomu zihesabiwe kwa mkono. Unaweza kutoyaamini, lakini si haki kusema hayakutolewa. Kuhusu mwaka 2017, kilichotangazwa kisheria ni fomu, si skrini. Na usisahau kwamba uchaguzi ule wa urais ulibatilishwa tarehe 1 Septemba 2017 kwa kura za majaji wanne dhidi ya wawili, kwa sababu za utaratibu wa kupeleka na kuhakiki matokeo, wala si kwa sababu ya kura zilizokataliwa.

#22 Jicho Pevu la Kisumu

Maelezo niliyasikia. Programu iliyozidisha namba mara 8 bila mtu kuiona kabla ya siku ya uchaguzi hainipi utulivu wowote.

#23 Mwalimu wa Hesabu

Kuhusu mara 8, jambo hilo linaweza kupimwa, kwa sababu kosa la aina hiyo huacha alama yake: kila namba iliyoonyeshwa ingegawanyika kwa 8 bila baki. Aliyehifadhi namba za skrini za siku zile anaweza kuzijaribu mwenyewe. Kwa namna hiyo tungetoka kwenye kuamini na kutoamini.

Wakili, narudi kwako kuhusu #7. Umeniambia kwamba kura ya aliyekosea, ikiingia kwenye jumla, itampinga mgombea wake mwenyewe. Nakubali kwamba inapunguza asilimia yake. Lakini inapunguza asilimia ya wote kwa uwiano uleule, na maana ya sharti la nusu si kumzawadia mgombea; maana yake ni kuthibitisha kwamba waliojitokeza walio wengi wamemkubali. Mwaka 2013 mshindi aliivuka nusu ya waliojitokeza kwa kura karibu 8,400 tu katika nchi nzima, wakati kura zilizokataliwa zilikuwa mara kumi na mbili ya hizo na zaidi. Hapo mtu mwadilifu anapaswa kusema kwamba hatujui kwa hakika walio wengi walitaka nini, na duru ya pili ndiyo njia ya kujua.

#24 Wakili wa Mashinani

Na duru ya pili nayo itakuwa na kura zilizokataliwa, Mwalimu. Wagombea wawili wakikaribiana, inawezekana kabisa kwamba hakuna atakayepata zaidi ya nusu ya karatasi zote. Katiba inasema katika duru hiyo mwenye kura nyingi ndiye mshindi, kwa hiyo waandishi wake walijua kwamba pana mahali ambapo hesabu lazima isimame. Unaloliomba linahitaji ama Mahakama ya Juu igeuze uamuzi wake yenyewe, ama Katiba irekebishwe, na kabla ya Agosti 2027 sioni hata moja likitokea.

#25 Mwalimu wa Hesabu

Hata yasipotokea kabla ya 2027, hoja haifi kwa kucheleweshwa.

#26 Wakala Mtarajiwa

Samahani kwa kuingia mwishoni. Nimesoma uzi wote kwa sababu nimeombwa kuwa wakala wa mgombea mmoja katika uchaguzi ujao. Karani Mstaafu, hapo #4 umesema mawakala hunyamaza karatasi inapokataliwa. Mimi nikiona karatasi ambayo nia yake iko wazi inawekwa kwenye fungu la zilizokataliwa, nifanye nini?

#27 Karani Mstaafu

Sema palepale, kabla msimamizi hajaichukua karatasi inayofuata, kwa sababu ikishaingia kwenye fungu hakuna atakayekumbuka ilikuwa ipi. Mwambie kwa utulivu kwamba unapinga kukataliwa kwake, na aandike hivyo juu ya karatasi. Fomu 34A, ile ya matokeo ya kituo, ina mstari wa kura zilizokataliwa, na chini yake mstari mwingine wa zile ambazo kukataliwa kwake kumepingwa. Mawakala wengi hawajui kwamba mstari huo upo, na mara nyingi huachwa na sifuri hata pale palipokuwa na kelele nusu saa. Hakikisha namba imeandikwa kabla hujatia sahihi. Ukikataa kutia sahihi kwa hasira na kuondoka, matokeo hayabatiliki kwa sababu hiyo pekee, na mgombea wako atakuwa amepoteza shahidi. Bora uandike sababu zako, uchukue nakala yako, na upige picha fomu iliyobandikwa mlangoni. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yaliyotangazwa katika ngazi ya chini ndiyo ya mwisho na ukumbi wa kitaifa hauna mamlaka ya kuyabadilisha. Kwa hiyo karatasi yako hiyo moja, kama haikutetewa chumbani mle, haitatetewa Nairobi.

Tena nenda na tochi yenye betri mpya.